Jedwali la kuzidisha lianzie kwenye visoda

Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuimba "saba mara nane, hamsini na sita" bila kukosea, halafu akakwama ukimuuliza: watoto 7 wakigawana maembe 56 sawasawa, kila mmoja atapata mangapi? Hajaona kwamba ni jambo lile lile.

Mpe visoda 24 avipange sakafuni, mistari 4 yenye visoda 6 kila mmoja. Kisha ahame, akae ubavuni: sasa anaona mistari 6 ya visoda vinne vinne, na hakuna kilichoongezeka. Hapo hapo mwambie awagawie watu wanne, kimoja kimoja kwa zamu, mpaka viishe. Usimharakishe. Kugawanya kwenyewe ndiko huko, na mtoto anahitaji kukufanya kwa mikono yake. Akizoea, ongeza kisoda cha 25. Kitakachokosa mwenyewe ndicho "baki" anachoandika daftarini.

Kugeuza mistari kunapunguza pia mzigo wa kukariri. Tukiacha 1 na 10, ambazo hazisumbui, kuanzia 2 × 2 hadi 9 × 9 kuna maswali 64. Lakini 3 × 8 na 8 × 3 zina jibu moja, kwa hiyo ya kujifunza ni 36 tu. Mtoto akilijua hilo, woga unapungua kweli.

Anza na 2 na 5, halafu 4, ambayo ni 2 mara mbili. Na kila akijibu kwamba 6 × 7 ni 42, muulize papo hapo: na 42 kugawanya kwa 6?