Nyoka wa Kufugwa Anapokataa Kula

Mtu anayefuga nyoka huingiwa na hofu mapema mno mnyama wake anaposusa chakula. Chatu wa Afrika Magharibi mwenye umbo dogo (kwa Kiingereza ball python), ambaye hufugwa sana majumbani duniani, akiwa mzima na amekomaa anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula na asidhurike. Kwa hiyo, kabla ya kuhangaika na panya wa kumlisha, kagua kizimba.

La kwanza ni joto, kwa sababu nyoka hutegemea joto la nje ili kumeng'enya alichomeza. Chatu huyo huhitaji upande mmoja wenye nyuzijoto 31 hadi 32 na upande wa pili wenye 25 hadi 27. Wengi wetu hapa Dar es Salaam hudhani kwamba joto la jiji linatosha, na pengine mchana wa Januari linatosha kweli, lakini usiku wa Julai hushuka hadi karibu 20, na chumba chenye kiyoyozi huwa baridi na kikavu mwaka mzima. Weka kipimajoto kila upande, chini anapolala nyoka, na kifaa cha kupasha joto kiwe na kidhibiti ili kisimuunguze. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, ahirisha mlo, kwani chakula kisichomeng'enywa huishia kutapikwa.

Awe pia na maficho mawili ya kumbana kidogo, moja kila upande. Nyoka mgeni aachwe wiki nzima bila kushikwa. Na yule ambaye macho yake yamefifia na kuwa na weupe wa kibuluu yu karibu kujivua gamba, basi msubiri amalize.

Mpe panya aliyekwisha kufa, maana panya hai anaweza kumng'ata na kumjeruhi vibaya. Panya wa mtegoni nyumbani hafai kabisa: huenda amekula sumu, na mara nyingi hubeba vimelea. Nunua kwa wanaofuga panya, mwenye unene usiozidi sehemu nene zaidi ya mwili wa nyoka. Aliyegandishwa ayeyushwe ndani ya friji, kisha atiwe kwenye mfuko na kuzamishwa katika maji ya moto kiasi hadi apate joto la mnyama hai. Maikrowevu humpika nje na kumwacha baridi ndani. Jioni, taa zikiwa zimepunguzwa, mshike kwa koleo refu na kumtikisa polepole karibu na maficho. Akikataliwa, mwache hapo saa chache tu, kwani sisimizi wa mji huu hawachelewi, kisha jaribu tena baada ya wiki. Akishamezwa, usimshike nyoka kwa saa 48.

Mpime uzito kila wiki. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, akipumua mdomo wazi au akitoa mapovu, mpeleke kwa daktari wa mifugo, na usithubutu kumsukumia chakula kooni mwenyewe, kwa kuwa umio huchanika kwa urahisi.