Kutafuta kisobadilika cha mbunguo (λ) kwa vipimo vya kaunta

Mbunguo ni atomi zisizo imara kuvunjika na kutoa mionzi, na λ huonyesha kasi yake: uwezekano wa kila atomi kubunguka kwa kila kizio cha muda. Kama nusumaisha ya isotopi (muda unaochukua nusu ya atomi zake kubunguka) unaijua, hesabu ni ya mstari mmoja: λ = 0.693 ÷ nusumaisha. Iodini-131 ina nusumaisha ya siku 8.02, kwa hiyo λ ni 0.0864 kwa siku. Ukiitaka kwa sekunde, gawanya tena kwa 86,400. Hiyo 0.693 ni logi asilia (ln) ya 2, haikuanguka kutoka mbinguni.

Shughuli inaanza pale ulipo na kaunta ya Geiger (kifaa kinachohesabu mionzi) na sampuli tu. Tutumie bariamu-137m, inayobunguka haraka kiasi cha kupimwa ndani ya kipindi kimoja. Namba zangu ni za mazoezi.

Hatua ya 1. Kabla ya kuleta sampuli, pima mnururisho (mionzi) wa mazingira. Kaunta hulia hata mezani pakiwa patupu, kwa sababu ya miale ya angani na gesi ya radoni iliyomo hewani. Pima dakika kumi, kisha tafuta wastani. Tuseme ni mapigo 30 kwa dakika.

Hatua ya 2. Weka sampuli na usiisogeze tena. Mwanzoni unasoma mapigo 1,030 kwa dakika. Baada ya sekunde 300, 287.

Hatua ya 3. Toa 30 kila mahali: zinabaki 1,000 na 257.

Hatua ya 4. λ = ln(1,000 ÷ 257) ÷ 300 = 1.359 ÷ 300 = 0.00453 kwa sekunde. Kwenye kikokotoo bonyeza ln, si log. Wengi huponzwa hapo.

Jihakiki: 0.693 ÷ 0.00453 ni sekunde 153, na ndiyo nusumaisha ya bariamu-137m. Sasa ruka hatua ya 3 uone. Utapata λ ya 0.00426 na nusumaisha ya sekunde 163. Mapigo 30 tu, yaliyoonekana si kitu mbele ya 1,030, yamekupotosha kwa sekunde kumi, kwani mwishoni ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ulichosoma.

Vipimo viwili havitoshi pia. Mapigo 287 yanaweza kuyumba kwa 17 hivi kwa bahati tu. Soma kila baada ya sekunde 30, chora grafu ya ln ya mapigo halisi (yaliyobaki baada ya kutoa ya mazingira) dhidi ya muda, upitishe mstari mnyoofu katikati ya nukta. Mteremko wake ni −λ. Mkia wa grafu ukilala badala ya kuendelea kushuka, rudi hatua ya 1: umetoa kidogo mno.