Somo: Jiwe la mchanga na kwatsaiti, unazijuaje ukiwa na nyundo na msumari tu

Habari za jioni wanakikundi. Wenye watoto kidato cha kwanza na cha pili wameniomba somo la miamba tabaka na miamba geufu. Daftarini utakuta fasili: mwamba tabaka ni mashapo yaliyojikusanya, yakagandamizwa na kushikana, mwamba geufu ni mwamba uliobadilishwa na joto na mgandamizo huko chini bila kuyeyuka. Ni sahihi, lakini mtoto akipewa jiwe mkononi bado atababaika. Leo tushike mawe yenyewe.

Nimechagua jiwe la mchanga na kwatsaiti makusudi. Kwatsaiti ni jiwe la mchanga lililogeuka, na yote mawili yamejaa madini yaleyale, kwatsi. Kwa hiyo rangi haikusaidii, uzito nao kidogo sana.

Andaa nyundo, gunia, miwani ya kukinga macho, msumari wa inchi 4, maji na lenzi ya mkono kama ipo. Mawe yapo ufukweni Kibirizi, hapa Kigoma, au omba kwenye rundo la fundi anayejenga. Gombe na Mahale usiokote hata kokoto, zile ni hifadhi.

Hatua ya 1: Pasua. Funga jiwe kwenye gunia ndipo upige, maana vipande vya kwatsaiti hukata kama wembe. Usiruke hatua hii. Ngozi ya nje ya jiwe imeliwa na jua na mvua, tena mara nyingi ina kutu, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

Hatua ya 2: Tazama mpasuko. Hapa ndipo penye somo lenyewe, kaa napo. Jiwe la mchanga la kawaida hupasuka kwa kuzunguka chembe, kwa sababu kinachozishikanisha ni dhaifu kuliko chembe zenyewe. Uso wake unakwaruza, na ukiupapasa mchanga unabaki kidoleni. Kwatsaiti hupasuka kwa kukata katikati ya chembe. Joto na mgandamizo vimezifanya zikue upya na kuingiliana hadi hakuna mahali dhaifu pa kupitia. Uso wake ni laini, unang'aa, na hauachi kitu kidoleni.

Hatua ya 3: Kwaruza kwa msumari. Kwenye jiwe la mchanga chembe zitang'oka. Kwenye kwatsaiti utaona mstari wa kijivu ukadhani umeikata. Lowesha kidole uufute: ni chuma cha msumari kilichobaki juu ya jiwe.

Hatua ya 4: Tone la maji kwenye uso mpya. Jiwe la mchanga lenye vitundu hulinywa, kwatsaiti huliacha juu.

Sasa tahadhari kwa sisi wa Kigoma. Mawe ya mchanga ya huku, mengi yakiwa mekundu, ni ya zamani mno, na mengine yameshikanishwa na kwatsi yenyewe. Hayo hupasuka kwa kukata chembe na hayanywi maji, ingawa hayajageuka. Ukikutana nalo, tafuta kwa lenzi duara za chembe za mchanga, au alama za mawimbi na tabaka zilizolala mshazari. Vikionekana vizuri, siwezi kuliita geufu kwa ugumu wake tu. Kipimo kimoja hakitoshi kutoa hukumu.

MASWALI

Mwalimu, jiwe langu lina mistari. Si ndiyo tabaka hizo?
Si lazima, dada. Naisi ni geufu na ina mikanda myeusi na myeupe. Tabaka za mashapo hutofautiana kwa ukubwa wa chembe au rangi ya mchanga. Mikanda ya naisi ni madini yaliyojipanga kwa mgandamizo. Ukiona ulanga unametameta, vijigamba vyote vimelalia upande mmoja, fikiria geufu kwanza.

Shikamoo mwalimu. Niko Tabora, yale majabali makubwa ya mviringo ni kundi gani?
Marahaba. Mengi ya huko ni graniti, na hiyo haimo katika makundi haya mawili. Ni mwamba wa moto, uliopoa polepole chini ya ardhi. Ukiipasua utaona chembe za rangi tofauti zimeshikamana bila mpangilio.

Mkuu, ndimu inatenganisha jiwe la chokaa na marumaru, yaani chokaa lililogeuka?
Hapana, yote mawili yana kalisi kaboneti, yatatoa mapovu. Kwangua upate unga kwanza, ndimu ni asidi dhaifu. Itakusaidia kuyatofautisha na kwatsi tu. Baada ya hapo angalia chembe: za marumaru ni fuwele zilizobanana, na kwenye chokaa unaweza kukuta visukuku (mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe) vya konokono au kombe.

Na hivyo visukuku, jiwe likigeuka vinaenda wapi?
Fuwele zikikua upya huvifuta. Geuko likiwa dogo, kama kwenye sleti (tope lililogeuka jiwe la kubanduka bapa), vinaweza kubaki vikiwa vimevutwa na kupinda.

Chumvi ya Uvinza nayo ni mwamba?
Uvinza wanavuna maji ya chumvi yanayotoka ardhini, wanayakausha. Chumvi ikijikausha yenyewe kwa asili ikalala tabaka kwa tabaka, hapo ni mwamba tabaka, tena usiohitaji mchanga wala tope.