Bega la Mwanakondoo kwa Anayeanza: Kupika kwa Sufuria, Hatua kwa Hatua

Wengi wanaoikimbia nyama ya kondoo waliionja ikiwa imepikwa vibaya: ngumu, ina shombo, na mafuta yake yanagandia mdomoni. Yote matatu yana dawa, na dawa yenyewe si rundo la viungo. Ni kuchagua kipande kinachofaa, kupunguza mafuta na kutumia moto mdogo bila haraka. Ndiyo maana anayejifunza simwanzishii chopsi wala paja la kuoka. Chopsi ukizipitisha dakika mbili zimeshakauka. Bega ukilichelewesha nusu saa, mradi lina mchuzi, linazidi kulainika.

Mahitaji

Bega lenye mfupa kilo 1 na nusu, vitunguu maji 2, punje 6 za kitunguu saumu, tangawizi mbichi kiasi cha kidole gumba, nyanya 3 zilizoiva, giligilani ya unga vijiko 2 vya chai, bizari nyembamba kijiko 1 cha chai, kijiti cha mdalasini, chumvi vijiko 2 vya chai, mafuta ya kupikia na ndimu moja.

1. Chagua nyama

Mwanakondoo ni yule ambaye hajatimiza mwaka. Nyama yake ni nyekundu isiyokolea na mafuta yake ni meupe. Ikiwa nyama ni nyekundu sana na mafuta yameelekea umanjano, huyo ni kondoo mzima. Naye ni mtamu, ila atataka saa zaidi jikoni. Mwombe muuza nyama akukatie vipande vya sentimita 4 au 5. Vidogo zaidi ya hapo hukauka kabla ya kulainika.

2. Punguza mafuta

Harufu ya kondoo hukaa hasa kwenye mafuta. Kwa kisu kikali, ondoa tabaka nene la nje pamoja na utando mkavu unaolifunika. Nyuzi nyeupe zinazopita katikati ya nyama ziache, kwa kuwa ndizo zitakazoyeyuka na kuufanya mchuzi uwe mzito. Usiioshe nyama kwenye sinki, maana matone hurusha vijidudu hadi kwenye vyombo. Ipanguse kwa karatasi ya jikoni, inatosha.

3. Tia chumvi mapema

Usiku wa kuamkia siku ya kupika ni bora, na ukikosa nafasi, angalau saa moja kabla. Iweke kwenye friji, na ikikaribia kuingia sufuriani ikaushe tena.

4. Kaanga mpaka ishike rangi

Hapa ndipo ladha inapotengenezwa, na ndipo wenye haraka wanapoipoteza. Chukua sufuria yenye kitako kizito, tia vijiko 2 vya mafuta, ngoja yapate moto sawasawa. Panga vipande vichache visivyogusana. Tumia masikio: nyama inayokaangika vizuri hulia kwa nguvu mfululizo. Sauti ikififia na ukaona maji yanatoka, umejaza mno, na sasa nyama inachemka. Toa nusu.

Usiigeuzegeuze. Ikishikilia sufuria, bado haijawa tayari. Baada ya dakika 3 au 4 itaachia yenyewe, na upande wa chini utakuwa wa kahawia iliyoiva. Kaanga kwa mafungu hadi yote yaishe, kisha mwaga mafuta ya ziada ubakize vijiko 2. Kilichogandia chini usikioshe.

5. Unga mchuzi

Tia vitunguu kwa moto wa wastani. Maji yake yatalegeza kile kilichoganda, nawe kikwangue kwa mwiko. Vikishakuwa laini, tia saumu na tangawizi zilizotwangwa, koroga dakika moja, kisha viungo kwa nusu dakika tu visiungue. Malizia na nyanya, ukaange hadi mafuta yajitenge. Karafuu mimi siweki hapa, huifunika ladha ya nyama.

6. Moto mdogo

Rudisha nyama pamoja na maji yaliyochuruzika kwenye sahani. Ongeza maji ya moto yafike nusu ya kimo cha nyama. Yakichemka, punguza moto na funika. Funua uangalie: mapovu yapande moja moja, yasitokote. Nyuzi zile nyeupe huyeyuka polepole nyama inapopita nyuzi joto 70, na moto mkali hauziharakishi kiasi cha maana. Kazi yake ni kuikamua nyama maji yake. Mwenye oveni anaweza kuingiza sufuria hiyohiyo kwenye nyuzi 150.

Baada ya saa moja utaonja uikute bado ngumu. Usikate tamaa, na usiongeze moto. Mwanakondoo huchukua saa 1 na nusu hadi 2, kondoo mzima hata 3. Choma uma kwenye kipande uuzungushe. Nyama ikiachana bila kubishana, imeiva.

7. Engua mafuta, tia ndimu

Zima moto, acha dakika 15. Mafuta yatapanda juu, yaengue kwa kijiko. Kamulia ndimu, onja chumvi, kisha pakua kwenye sahani ulizozipasha moto, kwa sababu mafuta ya kondoo huganda mapema kuliko ya kuku.

Ukishalizoea bega, nenda kwenye paja la kuoka, ila nunua kipimajoto cha nyama kwanza: nyuzi 63 katikati ya kipande, kisha ipumzike angalau dakika 3. Nyama ya kusaga ifike 71.

Kinachobaki kiingie friji ndani ya saa 2, nacho kinafaa kuliwa kwa siku 3. Kesho yake mafuta yaliyosalia yatakuwa yameganda juu, yabandue kabla ya kupasha, na upashe hadi mchuzi uchemke.