Kabla hujatoka kwa kafili (mwajiri wako): kwa mashagala (wafanyakazi wa nyumbani) walioko Saudia

Simu za mashagala wanaoomba kuokolewa huja usiku wa manane, mara nyingi kutoka chooni, bomba likiwa limefunguliwa ili madam asisikie. Anayetaka kusaidia huuliza kwanza, "Uko wapi?" Jibu: "Niko Saudia." Nchi ile inaizidi Kenya kwa ukubwa zaidi ya mara 3. Basi dadangu, kama simu bado iko mkononi mwako, anza hapo leo, hata kama kafili wako ni mwema. Watumie watu 2 wa nyumbani lokesheni yako, picha ya pasipoti, ya iqama (kibali cha ukaazi) na ya mkataba wa Musaned (mfumo wa serikali ya Saudia wa mikataba ya kazi za nyumbani), jina na namba ya kafili, jina la ajenti aliyekupeleka na la maktab (ofisi ya ajenti ya huko Saudia) iliyokupokea. Ubalozi ukiwa na hayo una pa kuanzia.

Kanuni za wafanyakazi wa nyumbani zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zinasema usifanye kazi zaidi ya saa 10 kwa siku, upate siku nzima ya mapumziko kila wiki, na pasipoti ikae kwako. Kwa hiyo anayekufungia pasipoti kabatini anavunja sheria ya nchi yake mwenyewe, na namba ya wizara ya kazi ya kulalamikia ni 19911. Lakini ujue pia kwamba mageuzi ya 2021, yaliyowalegezea wafanyakazi wengine masharti ya kubadili mwajiri na kutoka nchini, yaliwaacha nje mashagala.

Ndiyo maana namna ya kutoka ina uzito. Ukiondoka kimya, kafili anaweza kukuandikisha huroob, yaani mtoro. Iqama inakufa, na hata ukikamatwa ukiwa na alama za kipigo mwilini, faili inasema wewe ndiye mkosaji. Wengi hukimbilia ukemboi, yaani maisha ya mafichoni bila kafili: kulala chumba kimoja na wenzao kumi, vibarua vya siku, ujauzito usio na kliniki, mtoto asiye na cheti. Siwalaumu hata kidogo, maana walikuwa wanaokoa roho zao. Ila kama nafasi ya kuchagua ipo, nenda moja kwa moja polisi au ubalozini, ili malalamiko yako yaandikwe mapema.

Usishuke kwa shuka dirishani. Wapo waliovunjika mgongo, wapo waliokufa. Subiri siku ya kutoa taka, ya kwenda dukani au hospitalini. Maneno matatu yatakutosha: shurta ni polisi, safara ni ubalozi, na musaada ni msaada uleule wetu. Riyadh, Makka, Madina na Jimbo la Mashariki namba ya dharura ni 911. Kwingineko piga 999. Usibebe chochote kisicho chako, hata taulo. Piga picha begi likiwa wazi kabla ya kutoka, kwa sababu kesi ya wizi ndiyo kafili wengi hukimbilia kuifungua.

Sasa hili la makazi, ambalo linawachanganya wengi. Maktab pia ina nyumba ya kuwaweka wasichana, na utaambiwa ni sakan, yaani makazi ya hifadhi. Baadhi ya nyumba hizo simu hunyang'anywa, chakula ni cha shida, na unakaa hapo mpaka ukubali kupelekwa kwa kafili mwingine. Huko si kuokolewa. Sakan ya serikali unapelekwa na polisi au wizara, na kesi yako inakuwa na namba. Omba namba hiyo, itume nyumbani siku hiyohiyo. Kenya, Uganda na Tanzania zina balozi Riyadh. Kusubiri kunaweza kuwa kwa muda mrefu, na kunachosha, lakini usitie sahihi karatasi ya Kiarabu hujasomewa. Mara nyingine inasema umeshalipwa kila kitu.

Kama umebakwa, usioge kwanza wala usifue zile nguo. Jitahidi ubalozi ujue kabla hujatoa maelezo polisi, na mtu wao awe nawe, kwa sababu huko ngono nje ya ndoa ni kosa, na maelezo yakitafsiriwa vibaya yanaweza kukugeukia. Cheti cha daktari kipigwe picha.

Na wewe mama au kaka uliye nyumbani: video ya mitandaoni huamsha watu, lakini kama bado yuko ndani ya nyumba ile, kafili naye anaiona. Mtoe kwanza. Kama uko Kenya, andika barua kwa Idara ya Masuala ya Wanadiaspora na kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Akirudi, HAART Kenya iliyoko Nairobi huwasaidia waathiriwa wa biashara haramu ya binadamu. Akisema anarudi, usimuulize deni la ajenti. Na hifadhi kila ujumbe wa sauti aliokutumia, hata ule wa kilio kitupu. Tarehe zake ndizo zitakazoonyesha mshahara ulikatika lini na kipigo kilianza lini.