Kabla hujalipia shamba la mchanga, chimba pale mwenye shamba hakuonyeshi

Mwenye shamba akikupeleka kuona mchanga atakupeleka kwa shimo moja tu na litakuwa zuri, si ati ni mwongo, ni vile hata yeye analijua hilo hilo moja. Sisi tulilipia eka mbili huku Uganda upande wa Tororo mwezi wa Januari kwa sababu ya shimo la namna hiyo, mchanga msafi toka juu mpaka mita 3, alafu hatua 40 kando tukakuta mfinyanzi mzito unaopita kimo cha mtu, na Mei ilipofika hata lile shimo zuri bata walikuwa wanaogelea. Tangu siku hiyo kazi yangu ya kupima shamba ni moja: kutafuta mchanga unaishia wapi, kando, chini na kwenye maji.

Anza bila jembe. Angalia picha za zamani za Google Earth, mara nyingi utaona kona ambayo mto ulipita zamani ukahama, na hapo ndio mchanga na changarawe hukaa. Ramani za jiolojia ziko Entebbe kwa idara ya serikali ya jiolojia na migodi. Alafu tafuta mtu anayechimba vyoo kijijini, huyo anajua kilicho chini kushinda injinia yeyote, muulize alikutana na maji futi ngapi na wapi shimo lilimbomokea. Ukiona mafunjo jua hapo ni chepechepe, usijipe moyo.

Papo hapo pima umbali wa maji kabla hujatumia hela. Kanuni za 2000 za maeneo oevu na kingo za mito zinalinda mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa, kama Malaba, Manafwa, Mpologoma na Katonga, na mita 200 kwa ziwa kubwa kama Victoria. Shamba likikatwa hivyo linaweza kubaki nusu. Na mchanga wa biashara sasa uko ndani ya Sheria ya Madini ya 2022, kwa hivyo leseni na karatasi za NEMA, mamlaka ya mazingira, zianze mapema, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, asikie habari kutoka kwako mwenyewe sio kwa boda. Watu wamekuwa wakali, daraja la Katonga kwa barabara ya Masaka lilipoharibiwa na mafuriko Mei 2023 wengi walinyooshea kidole wachimba mchanga wa kinamasi cha Lwera.

Sasa mashimo. Gawanya shamba kwa pegi, mimi naweka shimo kila mita 50, na mashimo mawili jirani yakitofautiana sana naweka lingine katikati. Ekskaveta ya kukodi siku moja itafika mita 3 au 4 bila shida. Ukichimba kwa mikono tafadhali mtu asishuke kupita kifua bila mbao za kuzuia kuta, mchanga haukohoi kabla ya kuanguka, na udongo uliotoa utupe mbali na ukingo sio pale pale juu.

Kila shimo andika tabaka kwa tabaka: udongo wa juu sentimita ngapi, mfinyanzi ngapi, mchanga ngapi, rangi, maji yalianza kuvuja wapi. Piga picha na futi ya kupimia ikiwa imeegemezwa ukutani. Sampuli usizoe kwenye lundo, maana changarawe zinaviringika chini na utachukua uongo, kwangua ukuta kutoka juu ya tabaka mpaka chini kama unakata mkate, weka kwenye turubai, changanya, gawa mara nne, tupa robo mbili zinazotazamana, rudia mpaka ibaki ya kujaza mfuko. Changarawe inataka sampuli kubwa, kilo 30 hivi, mchanga kidogo unatosha.

Chini ya maji ndio watu wanadanganyika kabisa. Mchanga unatiririka kurudi shimoni, na ukichota na ndoo tope laini linaondoka na maji, kwa hivyo sampuli inaonekana safi kuliko ilivyo. Hapo tumia oga ya mkono, ile bomba watu wawili wanazungusha kwa mpini, ndani ya paipu ya kuzuia kuta, au leta mashine ya kutoboa.

Kipimo cha haraka cha tope: chupa ya maji ya nusu lita, mchanga mpaka theluthi moja, ongeza maji yenye kijiko kidogo cha chumvi, tikisa kabisa, weka masaa 3 bila kugusa. Tope litakaa juu ya mchanga kama siagi, pima unene wake ugawe kwa unene wa mchanga, ikipita kama asilimia 8 mafundi wa zege wataukataa mpaka uuoshe, na kuosha ni maji, dimbwi na gharama. Maabara ndio itakupa chekeche zote, yaani chembe za kila ukubwa ni kiasi gani, na kwa changarawe itapima pia ugumu.

Kama mtambo wa kuoshea utakaa hapo, au ukingo wa shimo utakuwa karibu na barabara au nguzo ya umeme, lipia pia kipimo cha nyundo cha kujua ardhi imekaza kiasi gani: nyundo ya kilo 63.5 inaanguka sentimita 76 ikipigilia bomba ardhini, sentimita 15 za kwanza za kuzama hazihesabiwi, unahesabu mapigo ya 30 zinazofuata. Chini ya mapigo 10 huo ni mchanga legevu, usiukate wima.

Hesabu ni rahisi lakini watu wanasahau kutoa. Mita 100 kwa 80 na mchanga wa wastani mita 2.4 ni kyubiki 19,200, toa ukingo wa mpaka, toa miteremko, toa kilicho chini ya maji kama huna pampu. Na ukiwa na udongo wa juu sentimita 90 hiyo ni kyubiki 7,200 za kuhamisha na kutunza kwanza, bila kuuza hata tipa moja.

Ukimaliza fukia mashimo siku ile ile, kuna ng'ombe na kuna watoto. Bakisha mawili matatu tu, weka paipu ya PVC iliyotobolewa matundu chini, zungushia changarawe, fukia na funika kichwa. Rudi kupima maji yako kina gani kila wiki mbili mpaka mvua za Machi hadi Mei zipite. Mimi nafunga nati ya lori kwenye kamba naishusha taratibu, ikisema tup nashika kamba hapo hapo ukingoni, naivuta, napima.