Pikipiki Ikikata Moto Njiani: Chunguza Kwanza, Spana Baadaye

Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na humo ndani si mahali pa kutafuta kibanda cha fundi. Ndimo pikipiki yangu ilipokata moto mchana mmoja wa masika. Nilipiga kiki ikawaka, ikaenda kama kilomita tatu, ikazima. Nikaipumzisha, ikawaka, ikazima tena. Niliamua bila kuchunguza chochote kwamba kabureta imeziba, nikaifungua pale pale pembeni ya barabara huku nikitupia macho nyasi ndefu, na katika haraka hiyo nikaangusha skrubu moja ambayo sikuiona tena. Utingo wa lori lililosimama kunisaidia hakushika spana hata moja. Alisema tu, "Mzee, hebu fungua kwanza mfuniko wa tenki." Nilipoufungua, tenki lilivuta hewa kwa mlio mrefu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimeufunika mfuniko kwa kipande cha nailoni ili mvua isiingie, na hapo nikaziba kitundu chake cha kupitishia hewa. Petroli ilipopungua, hewa haikupata njia ya kuchukua nafasi yake, na mafuta yakaacha kushuka.

Maelekezo haya yametokana na kosa hilo. Yanahusu pikipiki ambazo wengi wetu tunazo, yaani zile za silinda moja na kabureta, zenye injini ya kuanzia sisi (cc) 100 hadi 150, kama Boxer na TVS zinazojaa kwenye vijiwe vya bodaboda. Mwenye pikipiki isiyo na kabureta, ambayo mafuta yake hupimwa na kifaa cha umeme, anaweza kufuata sehemu za plagi, cheni na tairi, lakini mfumo wa mafuta aache kuugusa.

Kabla ya kugusa chochote

Isukume pikipiki itoke kabisa barabarani, na kama uko kwenye kona au mteremko, weka matawi mabichi nyuma yako kwa umbali wa kutosha, maana dereva yeyote wa huku anaelewa maana yake. Iache injini ipoe kidogo, kwa kuwa bomba la moshi huunguza muundi wa mguu kwa kugusa mara moja tu. Muda huo wa kusubiri usiupoteze, bali jiulize pikipiki ilizimaje, kwa sababu namna ilivyozima ni nusu ya jibu.

Ikiwa ilizima ghafla, kama taa iliyozimwa kwa swichi, shuku umeme: plagi, kifuniko cha plagi, waya uliochomoka au fyuzi. Ikiwa ilikohoa, ikapoteza nguvu taratibu, ikawa inavuta na kuachia kabla ya kuzima, shuku mafuta. Ikiwa ilitoa mlio wa kugonga chuma, au gurudumu la nyuma lilitaka kukaza wewe ukiwa kwenye mwendo, usipige kiki hata mara moja. Jaribu kwanza kuisukuma ikiwa frii: gurudumu likizunguka vizuri lakini kiki, ukiibonyeza taratibu kwa mkono tu, ikawa ngumu kama jiwe, injini huenda imekwama kwa kukosa oili, na kila utakachoilazimisha kitaongeza gharama.

Baada ya hapo angalia mambo ambayo mtu huona aibu kuyaangalia. Swichi nyekundu ya kuzimia injini kwenye usukani hubonyezwa na mtoto, na abiria anaposhuka, na hata na mkono wako mwenyewe. Koki ya mafuta inaweza kuwa imefungwa, au petroli imeshuka chini ya kiwango cha kawaida na unapaswa kugeuzia rizevu. Tikisa pikipiki na usikilize tenki. Fungua mfuniko na usikie kama linavuta hewa. Hatua zote hizi hazichukui dakika mbili na hazihitaji kifaa chochote, lakini nimewahi kumwona kijana akisukuma pikipiki juani hadi kwa fundi, na fundi akaiwasha kwa kidole gumba kimoja.

Plagi ndiyo shahidi mkuu

Kama bado haiwaki, fungua plagi kabla ya kufungua kitu kingine chochote. Vuta kifuniko chake kwa kukishika chenyewe na si kwa kuvuta waya, futa au puliza mchanga unaoizunguka ili usidondokee ndani ya silinda, kisha uilegeze kwa spana yake. Plagi iliyotoka itazame kwenye mwanga. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu inasema injini inapumua na kula vizuri. Nyeusi na kavu, yenye masizi yanayoshika kidole, inaonyesha mafuta ni mengi kuliko hewa, na mara nyingi chanzo ni chujio la hewa lililojaa vumbi au choki iliyosahaulika. Nyeusi yenye utelezi wa oili inaonyesha kwamba oili inapanda kwenye chumba cha moto. Utaisafisha na utafika, lakini ringi za pistoni au sili za valvu zina kazi inayosubiri gereji. Nyeupe kama chokaa inaonyesha joto kupita kiasi au mafuta machache mno.

Plagi iliyolowa petroli ina maana mafuta yanafika ila hayachomwi. Iliyo kavu kabisa baada ya kupiga kiki mara nyingi ina maana mafuta hayafiki. Tofauti hiyo moja inakuambia uelekee upande gani, na ndiyo sababu ninasisitiza kabureta isifunguliwe kabla ya plagi kuonwa.

Kupima moto, rudisha plagi kwenye kifuniko chake, ilaze ile sehemu yake ya chuma iguse mwili wa injini, mbali na tundu ilikotoka na mbali na petroli yoyote iliyomwagika, kwa kuwa mvuke unaotoka tunduni unaweza kushika moto. Shika kifuniko cha mpira tu, usishike chuma, washa swichi kisha upige kiki. Kivuli cha mwili wako kitakusaidia kuona mchana: cheche ya buluu yenye mlio wa "ta, ta" ni nzuri, ya njano inayoyumba ni dhaifu, na isipoonekana kabisa jaribu plagi mpya kabla ya kulaumu koili, yaani kifaa kinachoipa plagi umeme wake. Plagi ya akiba haina bei ya kutisha na inaenea kwenye mfuko wa shati, na mimi huiona kuwa spea ya kwanza ambayo mtu hapaswi kusafiri bila kuwa nayo. Nafasi kati ya ncha zake kwa pikipiki nyingi za aina hii ni milimita 0.6 hadi 0.8. Plagi mpya isiporekebisha, kagua kifuniko cha plagi, hasa baada ya kuvuka maji, kikaushe kwa kitambaa ndani na nje, kisha fuata waya hadi kwenye koili ukitafuta palipolegea au palipotafunwa na panya.

Wakati wa kuirudisha, anza kuikaza kwa vidole bila spana mpaka ifike mwisho. Sehemu inamoingia ni ya alumini, na plagi iliyoingizwa kwa upande na kulazimishwa kwa spana huharibu nyuzi za tundu zima. Ikishafika kwa vidole, plagi mpya inahitaji nusu mzunguko wa spana tu, na ya zamani inahitaji chini ya hapo.

Ikiwa plagi ililowa na moto upo, injini imelewa mafuta. Funga koki, ondoa choki, zungusha mkono wa mafuta hadi mwisho na upige kiki mara nane au kumi ili hewa iifukuze petroli ya ziada. Itakohoa moshi mzito kisha itashika.

Mafuta yasipofika

Chomoa mpira wa petroli upande wa kabureta, uelekeze kwenye chupa, na ufungue koki. Petroli ikitiririka bila kukatika, tenki na koki ni vizima. Ikidondoka tone moja moja, chujio la koki limeziba kwa kutu au uchafu. Petroli ya kununua kwenye chupa kando ya njia huwa na mambo yake, na adui mkubwa ni maji, ambayo kwa kuwa ni mazito kuliko petroli hukaa chini kabisa, kule kule kabureta inakonywea. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ndogo ya kumwagia. Ilegeze, kinga yanayotoka kwenye kifuniko cha chupa nyeupe, uyatazame: maji hukaa chini kama ushanga unaotembea chini ya petroli. Mwaga mpaka itoke petroli tupu, kaza, ujaribu tena. Safari nyingi zinazosemekana kuharibiwa na kabureta huokolewa na skrubu hiyo, bila bakuli kufunguliwa.

Ikibidi kulifungua bakuli, tandika kitambaa cheupe chini kwanza, kwa sababu zilizotukuta Mikumi. Jeti, yaani kile kipande chenye tundu dogo la kupitishia petroli, isitobolewe kwa sindano wala waya wa chuma, maana tundu lake likipanuka hata kidogo pikipiki itakula mafuta daima. Ipulize kwa pampu, au ichokonoe kwa uzi mmoja wa plastiki kutoka kwenye brashi.

Waya, cheni na tairi

Waya wa klachi unapokatika, pikipiki bado inakwenda. Iwashe ikiwa frii, isukume kwa kukimbia kidogo, panda, kisha pachika gia ya kwanza kwa mguu uliokaza. Kubadili gia, rudisha mkono wa mafuta kwa sekunde moja na upachike hapo hapo. Kabla ya kusimama, rudisha frii pikipiki ikiwa bado inatembea. Si njia ya kupita nayo sokoni, lakini itakufikisha kijiji cha mbele.

Cheni ikikatika, zima injini mara moja na ukague kama imejikunja karibu na sproketi ya mbele, kwa kuwa inaweza kupasua kava la injini. Loki ya akiba, yaani kiungo cha kuunganishia cheni, humaliza kazi kwa dakika kumi. Klipu yake ifungwe ili upande uliozibwa utangulie cheni inakoelekea na upande wenye mwanya ubaki nyuma; ukiigeuza, kijiwe kimoja kinatosha kuichomoa. Cheni iwe na mchezo wa milimita 25 hadi 35 ikipimwa katikati ya sehemu ya chini, na alama za kurekebishia zilingane pande zote mbili za gurudumu.

Pancha inahitaji subira kuliko ujuzi. Weka stendi kubwa, legeza nati ya ekseli, achia fimbo ya breki, sukuma gurudumu mbele uvue cheni, kisha lichomoe. Ukishatoa tyubu, pitisha vidole polepole ndani ya tairi lote na uondoe msumari au mwiba uliobaki, kwa sababu watu wengi hupiga kiraka kizuri kisha tyubu ikatobolewa na msumari ule ule. Parua kwa msasa eneo pana kuliko kiraka, paka solusheni, na usubiri hadi ikauke isinate kidoleni. Hapa ndipo wenye haraka hushindwa, wanapobandika gundi ikiwa mbichi. Kabla ya kuirudisha tyubu, ipulize kidogo ijae umbo lake ili isibanwe na vyuma vya kutolea tairi, na umalizie kufunga ukingo wa tairi karibu na valvu. Dereva peke yake huhitaji takriban psi 25 mbele na 28 nyuma, na akibeba abiria nyuma iongezwe hadi 32 au kadiri kibandiko cha pikipiki kinavyosema.

Fyuzi ikiungua, weka nyingine ya kiwango kile kile. Karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara au kipande cha waya huwasha pikipiki kweli, na pia huunguza nyaya zote chini ya kiti. Fyuzi mpya ikiungua papo hapo, kuna waya uliochubuka unaogusa chuma, mara nyingi karibu na shingo ya usukani.

Breki ni kitu ambacho sikiungi kwa waya wala mpira wa tyubu. Anayeshuka mteremko mkali wa Kitonga na breki ya kubahatisha anawahatarisha na waliopanda. Pakia pikipiki kwenye gari.

Mfuko wangu chini ya kiti una plagi na spana yake, spana namba 10, 12, 14 na 17, bisibisi ya pande mbili, plaizi, loki ya cheni, fyuzi mbili, viraka na solusheni, pampu ndogo, kitambaa cheupe na ukanda mrefu wa tyubu kuukuu. Baada ya matengenezo yoyote ya gurudumu, ninabonyeza breki mara kadhaa kabla ya kupanda, ninaendesha polepole kilomita mbili au tatu, kisha ninasimama kuigusa nati ya ekseli kwa spana. Mara mbili nimeikuta imelegea.